Je, Wajua? Siku Moja Singida, Mkoa Unaoupita Ukiwa Umelala

Je, wajua kwamba kisiwa cha Bali, kile cha Indonesia kinachojaa kwenye kalenda za ukutani kwa mahekalu yake na mashamba ya mpunga ya ngazi kwa ngazi, kinaingia ndani ya mkoa wa Singida zaidi ya mara 8? Bali ina kilomita za mraba 5,780 hivi. Singida ina 49,341! Na bado wapo wanaouvuka mkoa huu wote kwa basi la Mwanza, pazia limeshushwa, usingizi mzito.

Amka basi, ndugu yangu. Leo tunatembea, na tunaanza alfajiri, kwa sababu Singida mjini kuna ziwa. Tena si moja, ni mawili! Singidani upande huu, Kindai upande ule, mji umekaa kati. Nitajie mji mwingine wa Tanzania wenye maziwa mawili mlangoni.

Maji yake yana chumvi na magadi. Lakini yuko mgeni anayeyapenda hivyo hivyo: heroe, yule flamingo mwenye rangi ya waridi. Wajua kwamba heroe huzaliwa wa kijivu? Ile rangi anaila. Inatoka kwenye vijimea vidogo vya majini, na ukimnyima chakula hicho anapauka.

Mtazame anavyokula. Kichwa kimepinduka, mdomo wa juu uko chini na wa chini uko juu! Na kuhusu kule kusimama kwa mguu mmoja, shika hili: mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba hata heroe aliyekufa anaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja asianguke. Kwa miguu miwili hasimami.

Swali dogo. Hawa heroe wa aina ndogo wa Afrika Mashariki wanaangulia wapi? Karibu wote ni Ziwa Natron, mkoa wa Arusha. Robo tatu ya heroe wote wa aina hiyo duniani huanguliwa katika ziwa hilo moja, ambalo maji yake yanaweza kuunguza ngozi ya mtu.

Sasa lipe ziwa mgongo, utazame mawe. Yale makubwa kama nyumba, jingine juu ya jingine, mpaka unajiuliza nani aliyapandisha. Hakuna! Mwamba ulioza polepole chini ya ardhi kwenye nyufa zake, mvua ikaondoa udongo, na mawe yakabaki yamekaa hapo hapo yalipokuwa.

Umri wake? Zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kilimanjaro ulianza kulipuka miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Kwa hiyo jiwe hilo unaloegemea hapo Singida, ukisubiri chai ipoe, limeuzidi Kilimanjaro umri mara 1,000. Sema tena: mara elfu moja. Dinosaria wa kwanza walipotokea, jiwe hili lilikuwa limeshamaliza miaka bilioni 2 na ushei.

Kabla hatujatoka mjini, upo uwanja wa mpira nataka uuone. Unaitwa Liti. Wajua Liti alikuwa nani? Mwanamke wa Kinyaturu! Wazee husimulia kwamba Liti Kidanka aliwakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na jeshi lake lilikuwa nyuki. Bunduki upande mmoja, nyuki upande mwingine. Mimi naona hakuna uwanja nchini wenye jina tamu zaidi ya hili.

Na nyuki wa Singida hawajastaafu. Tanzania ni ya pili Afrika kwa kuzalisha asali, nyuma ya Ethiopia tu, na Manyoni na Itigi zimo katika maeneo yanayosifika kwa asali. Ukionja, jua hivi: nyuki mmoja mfanyakazi, maisha yake yote, hutengeneza asali isiyojaza hata kijiko kimoja cha chai. Kijiko chako cha asubuhi ni kazi ya nyuki 12 hivi, kuzaliwa hadi kufa.

Twende barabarani. Kushoto alizeti, kulia alizeti. Hili zao wengi wetu tunaliona ni la Singida tangu enzi, lakini asili yake ni Amerika Kaskazini!

Chuma ua moja, ulitazame kwa makini. Umechuma ua moja? Hapana, umechuma mia kadhaa, pengine zaidi ya 1,000. Kila kijidude kilichosimama pale katikati ni ua kamili, na kila kimoja kinaweza kutoa mbegu yake. Hesabu sasa mistari ya mbegu inavyozunguka: mara nyingi utapata 34 kwa upande mmoja na 55 kwa upande wa pili. Vichwa vingi vinafuata hesabu za namna hiyo. Hesabu!

Tena alizeti changa hulifuata jua toka asubuhi hadi jioni, na usiku hugeuka kulisubiri. Ikikomaa inaacha mchezo huo na kutazama mashariki tu. Kwa nini? Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ua linalotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, na wadudu wachavushaji hulitembelea mara 5 zaidi ya lile lililogeuzwa magharibi.

Haya, sogea karibu, maana hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Magharibi ya mji wa Singida kuna mahali panaitwa Mahenge. Miaka milioni 46 hivi iliyopita pale palikuwa na ziwa ndani ya shimo la volkano. Matope ya ziwa lile yaligeuka jiwe, na ndani ya jiwe wamo samaki, vyura na popo!

Mmoja wa samaki hao, jenasi yake inaitwa Singida. Sikutanii. Kwenye vitabu vya sayansi, London, Tokyo, popote, ameandikwa Singida jacksonoides. Kuna na chura: Singidella. Mikoa mingapi duniani imepewa samaki na chura kwa pamoja?

Bado. Mahenge imetoa mabaki ya samaki wa jamii ya sato na perege, waliopewa jina Mahengechromis, na ni miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya jamii hiyo kuwahi kupatikana popote duniani. Yule sato uliyemla Jumapili, pamoja na ukoo wake wenye mamia na mamia ya aina katika Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, ana ndugu wa kale kabisa aliyelala kwenye jiwe la Singida.

Na popo je? Alitangazwa mwaka 2003, jina lake Tanzanycteris. Watafiti walimpiga eksirei akiwa bado ndani ya jiwe, wakakuta sikio lake la ndani ni kubwa. Maana yake huyu popo wa miaka milioni 46 iliyopita alikuwa tayari akiwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake. Eksirei ya jiwe! Mimi hili nimelisimulia kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Tushike njia ya Nzega mpaka mlima Sekenke. Dereva anapunguza gia, wewe fungua dirisha. Chini ya nchi hii kulikuwa na dhahabu. Iligunduliwa mwaka 1907, na mgodi wa Sekenke ukawa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi hii. Kabla ya Geita, kabla ya Bulyanhulu, ilikuwa Sekenke!

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wakazingirwa, fedha kutoka kwao hazifiki tena. Mwaka 1916 waliichukua dhahabu ya Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli huko Tabora. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo akiinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka sarafu 16,198 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Tembo wa Tabora, ndivyo wanavyomwita. Dhahabu yake ni ya hapa Iramba, wilaya yenye Sekenke.

Sasa tazama chini, magharibi. Ile tambarare isiyoisha ni bonde la Wembere, na zile kingo za udongo zilizokata nchi vipande vipande ni majaruba ya mpunga. Ng'ombe wanakokota jembe, watu wameinama wanapandikiza miche, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Mkoa unaojulikana kwa ukame, mvua yake milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, nao unalima mpunga!

Siri iko kwenye zile kingo. Jaruba hushika maji ya mvua yanayoteremka kutoka milimani na kuyazuia yasiondoke. Hakuna pampu, hakuna bomba. Udongo mzito wa mfinyanzi, ng'ombe na jembe, basi. Na si kazi ndogo, kwa sababu kilo moja tu ya mpunga huhitaji wastani wa lita 2,500 za maji hadi ivunwe. Kilo hiyo ikishakobolewa na kupimwa dukani, kila kilo ya mchele ina punje zaidi ya 40,000. Usizimwage.

Kule Bali, ambako ardhi imesimama, jaruba limepandishwa mlimani ngazi kwa ngazi. Wajua anayegawa maji pale ni nani? Ni wakulima wenyewe, kupitia hekalu! Vyama vyao vya maji huitwa subak, viko kama 1,200, na kila kimoja kina wakulima kati ya 50 na 400 wanaokunywa, kulima na kusali kwenye chanzo kimoja. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 1,000, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na hekta 19,500 za mashamba na mahekalu yake.

Moja zaidi la Bali kisha turudi nyumbani. Sikukuu nyingi za mahekalu yao hufuata kalenda ya siku 210, kwa hiyo hekalu linaweza kusherehekewa mara mbili ndani ya mwaka wetu mmoja. Na ipo siku yao ya ukimya, Nyepi, ambapo hata uwanja wa ndege wa kimataifa hufungwa saa 24. Hakuna ndege inayotua wala kuruka!

Lakini nani alikuambia nyumba kongwe za ibada za visiwani ni za Indonesia peke yake? Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, kwa mawe ya matumbawe. Na mashamba ya mawe je? Nenda Engaruka, kaskazini, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa: hekta 2,000 hivi za vitalu vilivyozungushiwa mawe na kumwagiliwa kwa mifereji, kazi ya wakulima walioondoka karne kama tatu zilizopita. Kuta zao zipo mpaka leo.

Na sikia hili, maana linaunganisha yote. Watu wa visiwa vile vya Asia walifika huku kwetu kwa mitumbwi! Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walivuka Bahari ya Hindi na kukaa Madagaska na Komoro, na mpunga wao mkononi. Ndugu wa karibu kabisa wa lugha ya Kimalagasi anazungumzwa Borneo, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Madagaska. Hata ngalawa ya mvuvi wa Bagamoyo, ile yenye mbao mbili za pembeni kuizuia isipinduke, umbo lake limetoka huko.

Turudi Wembere. Yale maji yanayozidi majarubani yanakwenda wapi? Baharini? Hayafiki! Wembere humwaga Ziwa Kitangiri, Kitangiri humwaga mto Sibiti, Sibiti humwaga Ziwa Eyasi, na Eyasi haina mlango wa kutokea. Jua linayanywa yote pale pale, yanabaki magadi na chumvi.

Mgeni mmoja maarufu alikosea hapo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita nchi ya Wanyaturu, akaona mto, akatangaza kwamba amefika kwenye chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Angewauliza wenyeji vizuri! Maji yale hayajawahi kuiona Misri.

Jua limeshapinda, twende Mkalama. Huko, Kirumi, ndiko kwenye makao ya watemi wa Wanyisanzu na mahali pao pa kuombea mvua. Wajua kwamba kwa mila yao mvua haiombwi na mwanamume peke yake? Lazima wawe wawili, mwanamume na mwanamke, wote wa ukoo wa Anyampanda. Mmoja akikosekana, shughuli imelala.

Na mvua ikikataa kabisa, wanawake hutoka kucheza ngoma yao ya mvua. Wanaume hawaruhusiwi kutazama! Serikali ilifuta utemi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini maombi ya mvua hayakufutika. Ukoo wenyewe hufuata upande wa mama, na wazee husimulia kwamba walitoka kisiwani: Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Kumbe na sisi ibada yetu ya mvua imetoka kisiwani.

Mkalama hiyo hiyo ina kijiji cha Munguli, wanakoishi Wahadzabe. Wote kwa jumla hawazidi sana 1,000, na lugha yao haina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Wanyisanzu ni Wabantu, Wadatoga jirani zao ni Waniloti, na ukielekea Mbulu unakutana na Wairaqw ambao ni Wakushi. Nenda gulioni utege sikio!

Wahadzabe wana rafiki wa ajabu. Ni ndege mdogo wa kahawia anayejua nyuki walipo lakini hawezi kupasua kiota chao. Mtu anapiga mluzi, ndege anaitika, anaruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Watafiti walipima wakakuta kwamba kwa msaada wa ndege huyu Wahadzabe hupata viota vya nyuki kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 560. Mtu anachukua asali, ndege anakula nta. Ndiyo, nta! Ni wanyama wachache sana duniani wanaoweza kuimeng'enya.

Giza limeingia na kusini hatujakugusa. Nipe dakika moja tu. Kule Itigi kuna vichaka vilivyofungana, vyenye urefu wa mita 3 hadi 5, ambavyo mtu hawezi kupenya akiwa amesimama wima. Uoto wa namna hii upo sehemu mbili tu duniani: Itigi, na Sumbu kaskazini mwa Zambia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora iliogopa kuvuka pande hizo, ikaziita Mgunda Mkali. Leo reli ya SGR inajengwa papo hapo, kilomita 368 kutoka Makutupora hadi Tabora.

Na yale maji yaliyofia Eyasi? Kusini mwa Manyoni bahati ni nyingine kabisa. Tone la mvua likiangukia upande wa mto Kizigo huingia Ruaha Mkuu, likazungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80, likazungusha ya Kidatu yenye 204, likazungusha ya Bwawa la Julius Nyerere yenye 2,115, kisha likatoka baharini mbele ya kisiwa cha Mafia. Huenda taa inayokumulikia ukurasa huu imewashwa na mvua ya Singida!

Ukipanga safari, panga siku mbili, moja kaskazini na moja kusini. Njoo kati ya Machi na Mei, majaruba ya Wembere yakiwa yamesimama kijani na vichaka vya Itigi vikiwa bado na majani. Singida ni karibu kilomita 240 tu kutoka Dodoma, lami tupu. Mwambie kondakta akushushe.